Kitambaa cha Iskanderia

Jumanne, 13 Januari

Mzee Hirsch tena. Sura ya nne tena. Kanikatalia kila sentensi.

Nilifika maktaba ya chuo mapema, nikaiwahi meza yetu ya dirishani, nikamenya chungwa, nikapanga karatasi. Akaja na chupa yake ya chai na koti refu limejaa theluji. Hajakaa vizuri, kaanza. Hapana. Nani kasema? Unajuaje? Mwalimu wa lugha za kale huyu, kastaafu zamani, lakini ulimi wake haujastaafu.

Maandazi yangu hayagusi. Hilo sina neno, ni sheria zao Wayahudi za chakula, nimeziandikia kurasa nzima. Machungwa anakula. Tena ninayomenya mimi.

Profesa Dana, msimamizi wangu, ndiye aliyenipa mtu huyu tangu Septemba. Alisema nikipata mwenzangu wa kusoma naye, tasnifu itasimama. Itasimama wapi! Kila wiki mzee ananibomolea, mimi narudi chumbani kwangu, mtaa wa Jane and Finch, kujenga upya. Kwetu Morogoro mtu mzima akikupinga hivyo, tena mbele za watu, maana yake ni moja tu. Hakutaki. Basi aseme.

Jumatano, 14 Januari

Naandika wazo langu hapa, lote, ili ijulikane lilikuwa langu. Ijulikane na nani? Hasomi mtu humu. Naandika hivyo hivyo.

Sinagogi kuu la Wayahudi wa Iskanderia ya Misri, enzi za Warumi. Marabi, walimu wao wa dini, wamesimulia lilivyokuwa. Kubwa ajabu, nguzo safu mbili. Watu hawakukaa ovyo. Masonara na masonara, wahunzi na wahunzi, wafumaji na wafumaji. Mgeni fukara akiingia anawatafuta wa kazi yake, anakaa nao, na humo humo anapata kibarua. Katikati jukwaa la mbao, juu yake mtu kashika kitambaa. Sala ikifika mwisho wa baraka, kitambaa kinapepea, umati wote unaitika Amina.

Masimulizi yenyewe yanasema ni kwa sababu ya ukubwa. Wa nyuma hawasikii. Mimi nasema hiyo ni nusu. Wapo waliosikia vizuri sana. Hawakuelewa, basi. Mji wa bandari ule, watu wa kila pembe, nyumbani lugha hii, kwenye sala pengine lugha ile. Kitambaa kilikuwa cha mgeni.

Nimelitoa wapi? Kanisani kwetu Downsview, ukumbi ule wa kupanga katikati ya maghala. Mchungaji anaomba kwa Kiswahili cha Uvira. Warundi waliotoka vijijini wanafuata nusu. Watoto waliozaliwa hapa wanaelewa wakitaka. Basi Baba Eliya, mhudumu wa mlangoni, anainua leso yake nyeupe na watu wote: Amina! Na ukumbi wenyewe si mkubwa. Ukipiga chafya mbele, wa nyuma wanakuombea.

Ndiyo sura ya nne hiyo. Ndiyo tasnifu. Iondoe, kinachobaki ni yale yale waliyokwisha kusema wengine. Mtu akilitoa kabla yangu, nimekwisha. Miaka yote hii, baridi yote hii, narudi Morogoro mikono mitupu. Kamati inakaa mwisho wa Februari.

Jumanne, 20 Januari

Leo mzee kafanya jambo.

Kaniambia nilieleze wazo la kitambaa upya, tangu mwanzo, polepole. Akafumba macho. Nilipomaliza akasema, rudia. Nikarudia. Midomo yake inacheza bila sauti. Khaa! Anakariri! Kalamu anayo mfukoni, naiona, haitoi. Kwa nini haandiki? Anayeandika anaacha alama. Huyu hataki alama.

Halafu tunavaa makoti, ananiuliza: "Baba yako anaitwa nani?"

Simoni. Limenitoka hata sijafikiri. Akatikisa kichwa, karidhika kabisa.

Kwetu anayekuuliza jina la mzazi ama ana kijana anamtafutia mke, ama analipeleka kwa mganga. Mzee Hirsch hana kijana.

Alhamisi, 22 Januari

Nimebadilisha nywila ya kompyuta. Mzee mwenyewe hata simu yake ni ile ya kufunika na kufunua. Nimebadilisha tu.

Jumapili, 25 Januari

Ibada ndefu. Baada ya ibada chai, na leo nimewatazama watu kwa macho mengine.

Hawakai ovyo! Wanaofanya kazi za kutunza wazee wako karibu na jiko, Mama Furaha, ninayepanga chumba kwake, akiwa katikati yao kama malkia. Wa viwandani wako mlangoni, wengine wanaingia zamu mchana huu huu. Wasafisha hoteli za kule uwanja wa ndege, wale wa barabara ya Dixon, wana meza yao. Hakuna aliyewapanga.

Akaja mgeni, Mrundi, ametoka kambini juzi tu. Fundi cherehani. Hajui hata pa kuweka mikono. Baba Eliya kamshika bega, akampitisha kwa wa viwandani bila kusimama, akampitisha kwa wa hoteli, akamfikisha kwa mama mmoja anayeshona mapazia. Kabla chai haijapoa wameshapatana aanze lini. Na wakati wa sala yule fundi alikuwa kakaa peke yake kwenye kona, anaitazama leso.

Moyo ulinilipuka. Nilitamani kupiga kelele. Iskanderia yote nimeiona pale penye birika.

Ningekuwa na akili zangu za Desemba, ningeisubiri Jumanne kwa hamu nikamwambie mzee. Hii simwambii. Hii ni yangu.

Jumanne, 27 Januari

Sikumwambia.

Kaja na pingamizi jipya. Kama walikaa kikazi, kila mtu na wenzake, kitambaa cha nini? Si mgeni angemtazama jirani yake tu, akiitika naye anaitika?

Jibu ninalo! Fundi cherehani! Mgeni anaingia kwenye sala kabla hajapata wenzake. Saa ile hana jirani. Ana kitambaa peke yake. Lilikuwa mdomoni kabisa. Nikalimeza. Nikasema labda una haki, Mister Hirsch.

Nilidhani atafurahi kushinda. Hakufurahi. Kanitazama kwa muda mrefu, akauliza kama naumwa. Nikasema siumwi. Chungwa kala kipande kimoja tu.

Ana nini huyu? Kushinda hataki, kushindwa hataki. Anataka nini kwangu?

Alhamisi, 29 Januari

Nimejua anachotaka.

Mama Furaha anamtunza bibi mmoja wa Kiyahudi, Bi Rosa, upande wa Bathurst. Karudi kazini leo hajavua hata buti, theluji inayeyuka kwenye zulia, ananiita kwa Kiswahili chake cha Uvira. Anasema Bi Rosa alikuwa akimsimulia leo, wakati anamchana nywele. Habari za watu wa zamani huko Misri. Wanakaa kila kazi na wenzake. Kuna mtu anapepea kitambaa. Na kitambaa si kwa sababu ya ukubwa, ni kwa ajili ya wageni wasioelewa lugha.

"Vero, ni ile habari yako! Ile unasemaka hapa kila siku!"

Nikamuuliza, kaisikia wapi? Sinagogini, Jumamosi. Nani kaisema? Mzee Hirsch.

Nikakaa chini pale pale kwenye zulia lililolowa.

Mama Furaha hana breki: "Mungu yangu. Ule muzee anakuiba mchana kweupe."

Binti yake Furaha akatoka chumbani, akasema kwa Kiingereza chake kwamba pengine kuna maelezo. Tukamfukuza wote wawili kwa pamoja.

Jumamosi, 31 Januari

Nimeunganisha. Kukariri. Kutoandika. Jina la baba. (Hili sijajua linaingiaje, lakini linaingia.) Ananipinga kila wiki ili nikate tamaa niliache wazo, halafu aliokote. Jumamosi analitangaza kwa watu wake kama lake. Kesho kutwa litakuwa kwenye jarida, na jina lake juu.

Na mimi ndiye niliyekuwa nammenyea machungwa!

Jumanne, 3 Februari

Sikwenda. Nilituma ujumbe idarani kwamba naumwa. Nimeshinda kitandani na buti.

Jumatano, 4 Februari

Katibu wa idara kanipa mfuko wa karatasi. Jana mzee alisubiri mezani mpaka giza likaingia, halafu akaacha hiki nipewe. Chungwa. Zuri, la gharama, la kukomaa vizuri.

Sikulila. Ananinunua kwa chungwa? Nimeliweka dirishani.

Alhamisi, 5 Februari

Nimesema.

Nilikwenda ofisini kwa Profesa Dana, nikafunga mlango. Nikamwambia Mister Hirsch anaiba kazi yangu, nina shahidi, nataka mwenzangu mwingine au nisiwe naye kabisa.

Profesa aliweka kalamu chini. Aliuliza kama nina hakika. Nina hakika. Aliuliza kama nimemuuliza mwenyewe. Nimuulize mwizi kama kaiba? Profesa Dana naye ni Myahudi, na nilimwona anavyonitazama, nikawaza: haya, na huyu ni wao. Nilijichukia kwa kuwaza hivyo. Niliwaza hivyo hivyo.

Atazungumza naye. Ndiyo jibu lake tu.

Ijumaa, 6 Februari

Shahidi wa kusikia kwa Bi Rosa hatoshi. Kesho nakwenda mwenyewe sinagogini. Nitakaa nyuma, nitamrekodi kwa simu. Nimechaji simu.

Mama Furaha kanikopesha kilemba chake cha buluu. Nakwenda vitani na kilemba.

Jumamosi, 7 Februari

Niandike kwa utaratibu, nisije nikajidanganya baadaye.

Mlangoni kuna mlinzi, na pembeni yake mama mmoja wa pale, anapokea wageni. Mlinzi kanikagua mkoba, kanitazama usoni, kanitazama tena. Sikumlaumu. Naijua hali yao siku hizi, wanavyotishiwa. Na yale macho nayajua vizuri, ndiyo niliyokuwa namtazamia mzee wiki zote hizi. Yule mama akaomba kitambulisho. Akasoma jina. Akatabasamu, akamnong'oneza mlinzi, mlango ukafunguliwa. Katabasamia nini?

Halafu akaniambia kwa upole nizime simu. Siku ya Sabato humo ndani simu haiwashwi, wala hakuna anayeandika. Rekodi yangu ikafa pale pale. Miaka minne nawasoma watu hawa, kila mstari. Nimewasoma waliokufa. Walio hai siwajui kabisa.

Nilikaa upande wa wanawake, nyuma. Sala ilikuwa kwa Kiebrania. Ninakisoma, lakini mbio zile! Nilipotea ukurasa wa pili. Sijui waamini wamefika wapi, sijui lini kusimama. Bibi mmoja kwenye kiti cha magurudumu akawa ananigusa mkono kila ilipofika mahali pa kuitika. Anagusa, naitika. Anagusa, naitika. Ilinichukua muda kuona kinachonipata: mgeni wa kitambaa ndiye mimi. Nilitamani kucheka nikaona aibu.

Baada ya sala tukashuka chumba cha chini. Samaki wa chumvi, keki, vikombe vidogo vya divai. Mzee Hirsch akasimama kwenye kichwa cha meza na kugonga glasi. Nikajibanza nyuma ya nguzo. Mkononi hana karatasi wala kitabu.

Kaanza: "Wiki iliyopita hatukumaliza habari ya kitambaa. Jambo hili nimelipokea kwa Veronika binti Simoni."

Nilisikia vibaya, nilidhani. Akaendelea. Veronika binti Simoni anasema hivi. Mimi nikampinga kwa hili. Veronika binti Simoni akanijibu hivi. Neno kwa neno! Yale niliyorudia mezani kwetu amefumba macho, na jina langu mbele ya kila kipande, na jina la baba yangu, mzee wa watu aliyezikwa kwetu Kilakala na hajawahi kuvuka hata mpaka wa nchi. Mara nyingi mpaka nikaacha kusikia maneno mengine.

Halafu akasema: "Nampinga tangu Septemba, na bado hajaanguka. Wiki jana alinikubalia kitu, na hilo limenitia wasiwasi. Nadhani jibu analo. Akinipa nitawaletea."

Watu wakaanza kubishana. Mmoja anasema ukumbi ulikuwa mkubwa, basi. Mwingine anasema na wewe kaa chini. Mzee akageuza kichwa na kuniona nyuma ya nguzo na kilemba changu cha buluu. Hakushtuka. Alisema tu, "Naye yupo hapa."

Wote wakageuka. Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke. Wakanizunguka. Bibi wa kiti cha magurudumu kumbe ndiye Bi Rosa, wa Mama Furaha. Kanishika mkono na mikono yake miwili, na salamu hakunipa, moja kwa moja kaanza kunibishia habari za wafumaji.

Nilipopata upenyo wa kumtafuta mzee, koti lake halikuwepo kwenye ndoano.

Jumapili, 8 Februari

Sikwenda kanisani. Mama Furaha kanisubiri mlangoni na kitabu cha nyimbo, nikamwambia aende. Nimemweleza yote jana. Akakaa kitandani kwangu. Halafu akasema, "Bi Rosa hakunisemeaka jina." Halafu akalia kidogo. Nikalia na mimi.

Na nilijua! Hilo ndilo linalonitafuna. Vitabu vyao vyote vimeandikwa hivyo. Fulani amesema kwa jina la fulani, aliyelipokea kwa fulani. Hawabebi neno la mtu bila kumbeba na mwenyewe. Nimesoma mistari hiyo mpaka macho yameniuma. Haikunijia hata mara moja kwamba mtu aliye hai angenifanyia mimi.

Jumatatu, 9 Februari

Kwa Profesa Dana. Nikamwambia nimekosea. Akasema anajua.

Kumbe alimpigia mzee simu Ijumaa, kabla jua halijazama. Akamweleza nilichosema. Mzee akashukuru, akamtakia Sabato njema. Kwa hiyo Jumamosi alisimama pale anajua. Alinitaja na jina la baba yangu mbele ya watu wote akijua nimemwita mwizi.

Profesa akanieleza lingine, na nilitaka aninyamazie. Kwao kusoma kwa watu wawili si kusaidiana kama ninavyofikiri mimi. Kazi ya mwenzako ni kukupinga. Asiyekupinga hajakuheshimu, kakuona huna uzito. Mzee alikuwa na mwenzake wa miaka mingi, wakibishana kila wiki. Yule alifariki. Tangu hapo amekataa kila mtu aliyeletewa, mpaka nilipokuja mimi. Mwezi wa kwanza tu alimwambia Profesa: huyu anajibu.

Nikauliza kwa nini hakuna aliyeniambia. Profesa akashangaa kwa dhati. Alidhani najua.

Jumanne, 10 Februari

Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno, yakatawanyika. Nikasema tu nilikuwa mjinga na nimekuvunjia heshima, Mister Hirsch, naomba unisamehe. Akasema hakuna shida. Akaniuliza naendeleaje, nimepona? Akafungua chupa ya chai.

Tukasoma. Nikampa habari ya fundi cherehani, yote, leso, birika, mapazia. Nikasubiri.

"Vizuri sana," akasema.

Nikageuza ukurasa. Vizuri. Mwingine. Naam, uko sahihi. Tukamaliza sura nzima kabla chai haijaisha.

Nimemenya chungwa. Kasema asante, ameshiba.

Jumanne, 17 Februari

Ndiyo. Naam. Inawezekana. Bila shaka.

Nimepeleka hoja dhaifu makusudi. Kaikubali. Ana adabu kama karani wa benki. Nilikuwa nataka mtu wa namna hiyo tangu Septemba, sasa ninaye, na siwezi kumvumilia.

Sina hasira naye. Namwelewa. Kwetu mtu ukimuudhi anakununia. Huyu ananikubalia.

Alhamisi, 26 Februari

Kamati. Nimepita, na masahihisho madogo.

Waliniuliza maswali. Yote nilishayasikia, tena kwa ukali kuliko wao, kwenye meza ya dirishani. Walipofika kwenye lile la jirani, kwa nini mgeni asimtazame jirani yake, nikajibu na fundi cherehani, na yule mgumu wa kamati akaandika kitu na kutabasamu. Kabla ya kujibu nilisema swali hili aliniuliza kwanza Mister Hirsch. Nikawapa na jina la baba yake, Yosefu. Nilikuwa nimemuuliza Profesa Dana.

Mama Furaha kapika pilau, kaita nusu ya kanisa. Baba Eliya kaipepea leso yake sebuleni na watu wakaitika Amina mpaka jirani kagonga ukuta. Nilifurahi, siwezi kusema sikufurahi.

Mzee alituma ujumbe idarani. Hongera, Miss Veronika. Basi.

Jumanne, 3 Machi

Theluji inayeyuka, njia zote matope. Sura imepita, sikuwa na sababu ya kwenda. Nilikwenda. Nilichukua lile chungwa la mzee, la dirishani kwangu. Limesinyaa kidogo, ndani bado zima.

Mzee alikuwepo. Naye hakuwa na sababu.

Nikatoa karatasi. Nikasema, Mister Hirsch, nafanya masahihisho, na nimefikiri upya. Kitambaa kile pengine kilikuwa cha kufukuzia nzi.

"Inawezekana," akasema. Hata hakuinua macho.

Nikasema masonara na wafumaji huenda walichanganyika tu, walipendana. Akasema labda.

Nikawa sina lingine isipokuwa lile. Nikasema, basi hata habari ya lugha nimeamua kuifuta. Ukumbi ulikuwa mkubwa, wa nyuma hawakusikia, imetosha. Ulikuwa na haki tangu mwanzo.

Kikombe kikakaa hewani.

"Hapana," akasema.

Nikashika kalamu kama wa kufuta kweli.

"Hapana! Huwezi kuifuta!" Akapiga meza kwa kiganja, msichana wa meza ya pili akageuka. Na mgeni je? Yule anayeingia hajapata wenzake? Anasikia kila kitu na haelewi, nani anamwambia saa ya kuitika? Akavuta karatasi yangu, akatoa kalamu mfukoni, akaanza kuchora jukwaa, nguzo, mlango.

Nikajikaza, nikaegemea kiti.

"Nani kasema?" nikamuuliza.

Akanitazama juu ya miwani.

"Veronika binti Simoni," akasema.

Nikakata chungwa, nikamsogezea nusu. Akaila yote, huku akiendelea kunipinga.